Nguchiro Alivyofungua Ghala la Mavumba

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Mmeshiba?

Kidogo!

Basi nimewapata. Mngeshiba sana mngesinzia, mngekuwa na njaa mngenila mimi. Sogeeni. Kibwana, wewe mweka hazina wetu, kaa hapa mbele nikuone vizuri. Usiogope, leo nasema habari za wanyama tu.

Zamani za zamani, siku ambazo chura bado alitembea na mkia wake, palikuwa na kilima kinaitwa Mavumba. Juu ya kilima palikuwa na ghala. Ghala la udongo na fito, paa la nyasi, mlango wa mti mgumu. Wanyama wote wa Mavumba walilima mtama, na wote wakivuna waliuweka humo. Anayetaka kula anakwenda kuchukua chake. Aliyepungukiwa anakopa, na akivuna anarudisha na kuongeza kidogo. Na huko ndani kabisa, kwenye kona ya giza, kulikuwa na vikapu vya mbegu. Mbegu zimechaguliwa punje kwa punje, zimepakwa majivu zisiliwe na fukusi, zinasubiri mvua ya kwanza.

Mtunza ghala alikuwa Bi Nungu. Nungunungu mjane, mfupi, mnene, sauti ya kukwaruza. Kila mwaka, siku ya kuingiza mbegu ghalani, alisimama mbele ya watu wote akaapa kwa miiba yake. Mbegu zikipotea, wamnyonyoe mwiba mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki uchi kama kiazi kilichomenywa. Mnacheka? Yeye hakuwa anacheka. Nungunungu asiye na miiba ni kitoweo.

Ndiyo maana Bi Nungu alikuwa mkali. Mkali jamani! Na ghala lake lilikuwa na miiko. Mwenye kuchukua mtama aje na mama mkwe wake awe shahidi. Mfalme akipiga chafya, ghala halifunguliwi siku hiyo. Anayekopa akope kile anachoweza kukibeba kichwani mwake mwenyewe, hata punje moja isizidi. Mbegu za majivu haziguswi mpaka mvua inyeshe. Na mlango, jua likizama, unafungwa.

Sasa nisikilizeni. Mingine ilikuwa na maana, na mingine ilikuwa upuuzi mtupu, na Bi Nungu mwenyewe hakujua upi ni upi. Aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, akaishika yote kwa mikono miwili. Ukimuuliza, "Bi Nungu, mwiko huu ni wa nini?" jibu lake lilikuwa moja tu.

"Ni mwiko."

Siku moja akaja Mama Kanga, vifaranga nyuma vinalia njaa.

"Hodi, Bi Nungu. Nimekuja kuchukua mtama wangu."

"Karibu, mama. Mama mkwe yuko wapi?"

"Bi Nungu! Si unajua mama mkwe wangu alifariki? Wewe mwenyewe ulikuja matangani."

"Nilikuja. Nikalia, nikala na wali. Pole sana. Sasa mama mkwe yuko wapi?"

"Amekufa!"

"Basi mtama hautoki."

"Lakini ni mtama wangu! Kwa nini nisipewe?"

"Ni mwiko."

Mama Kanga akaenda kwa Mfalme Ngiri huku machozi yanamtoka. Ngiri alikuwa mfalme mpya, hata kiti hakijapata joto, na alitaka kilima chake kiendelee. Akakuna kichwa. Aliona kweli kwamba ghala lina kasoro na linataka kutengenezwa. Shida yake ni kwamba hakujua aanzie wapi.

Na wakati yeye anakuna kichwa, nani kaingia? Nguchiro.

Nguchiro alikuwa ametoka safari. Alivuka mto, akakaa ng'ambo siku kadhaa, akarudi na tai ya gome la mgomba shingoni na namna mpya ya kutembea. Akasimama kwa miguu miwili, akasafisha koo.

"Mtukufu Ngiri, mimi nimetembea, nimeona. Ng'ambo ya mto wenzetu wameneemeka. Mtama unawamwagika! Na unajua siri yao? Maghala yao hayana miiko. Maghala yao hayana hata milango!"

"Hayana milango?"

"Nimeona kwa macho haya mawili." Kisha akaimba. Nanyi itikieni, msikae kimya kama mmechanjwa.

*Fungua, fungua!*
*Ng'ambo wamefungua!*
*Fungua, fungua!*
*Nasi tutafungua!*

Mfalme akapenda. Akaita baraza. Nguchiro akasema, kwanza kabisa, uondoke mwiko wa mama mkwe, na ule wa chafya uondoke nao.

Mfalme akamgeukia Bi Nungu. "Una la kusema? Miiko hii ni ya nini?"

"Ni mwiko," akasema Bi Nungu.

Baraza likaangua kicheko. Miiko miwili ikafutwa hapo hapo. Mama Kanga akachukua mtama wake, vifaranga vikala mpaka vikashindwa kusimama. Bi Nungu alinuna nyuma ya mlango, lakini alipovitazama vile vifaranga vimelala chali matumbo juu, moyo wake ukamwambia: haya, hili halikuwa baya. Moyoni tu. Mdomoni hakulitoa.

Nguchiro angeishia hapo, leo ningekuwa namsifu. Lakini aliishia hapo? Hakuishia.

Pale kilimani alikuwapo Fisi, mpika pombe. Fisi alikuwa na ndoto kubwa na kichwa chembamba. Alitaka akope mtama wa kupika mitungi na mitungi, lakini mwiko ulisema akope wa kubeba kichwani, na kichwa chake kinateleza. Kila siku anaondoka na kikapu kimoja, nusu kinamwagika njiani.

Nguchiro akarudi kwa mfalme mara ya pili. Akasimama kwa miguu miwili, akasafisha koo.

"Mtukufu, umeona vifaranga vya Kanga vilivyonenepa? Na hapo tumegusa kidogo tu! Sasa uondoke mwiko wa kichwa. Mtama umelala ghalani, unafanya nini? Unalala! Mpeni Fisi akope anavyotaka. Akikopa kikapu atalipa vikapu viwili. Na mimi, kwa kazi ya kusimamia, sitaki makuu. Kila kikapu kikitoka nachota konzi moja. Konzi moja tu ya mkono huu mdogo." Akaunyoosha mkono. Kweli ulikuwa mdogo.

*Fungua, fungua!*
*Ng'ambo wamefungua!*

"Bi Nungu," mfalme akauliza, "mwiko wa kichwa ni wa nini?"

Bi Nungu alihisi kuna jambo.  Lakini maneno hayakuja.

"Ni mwiko," akasema.

Ukafutwa.

Basi nyinyi, Mavumba ilichangamka! Fisi alikopa mtama, nusu akautia mtungini, nusu akauweka. Pombe ikaiva. Wanywaji wakaja, hawana cha kulipa. "Hakuna tabu," akasema Nguchiro, "nendeni ghalani mkakope." Wakaenda wakakopa, wakamlipa Fisi. Fisi akachukua ule mtama akaurudisha ghalani, kifua mbele: "Nalipa deni langu!" Watu wakapiga makofi. Kesho yake akaukopa tena. Mtama uleule unatoka ghalani unakwenda kwa wanywaji, unatoka kwa wanywaji unakwenda kwa Fisi, unatoka kwa Fisi unarudi ghalani, na kila ukizunguka mwingine unabaki mtungini. Na kila kikapu kikipita mlangoni, Nguchiro anachota konzi yake.

Kibwana, mbona unatazama chini? Nimeshakwambia ni wanyama.

Kila mtu alijiona tajiri. Ukimuuliza mmoja, anakwambia, "Nadai vikapu vingi." Ukimuuliza mwingine, naye anadai vikapu vingi. Hata mfalme alikuwa anadai. Bi Nungu akipita njiani wanamcheka: "Shikamoo, Bi Mwiko!" Yeye anarudi kwenye kona ya giza, anahesabu vikapu vya mbegu, anashusha pumzi. Vyote vipo. Miiba yake ipo.

Nguchiro akarudi mara ya tatu.

Safari hii mfalme mwenyewe alikuwa na kata ya pombe mkononi. Nguchiro akasimama kwa miguu miwili. Hakusafisha hata koo.

"Mtukufu, umebaki ufunguo wa mwisho. Mlango ule ni aibu, wageni wakipita wanatucheka. Utolewe! Na zile mbegu kwenye kona, zimekaa bure na majivu usoni. Zikioshwa mtoni ni mtama safi, tena mtama bora. Fisi, kimea kizuri kinatokana na nini?"

"Na mbegu iliyochaguliwa!" Fisi akadakia, mate yanamchuruzika.

"Haya. Mvua ikikaribia, kila mtu atakuwa amelipwa mara mbili, tutachagua mbegu nyingine. Hasara iko wapi?"

Bi Nungu akaruka katikati, miiba imesimama yote. "Hapana! Hizo hapana! Chukueni mlango, chukueni paa, hizo acheni!"

"Kwa nini?" akauliza mfalme. Na aliuliza kwa upole, msimlaumu sana.

Bi Nungu akatafuta neno. Akalitafuta kulia, akalitafuta kushoto. Wote wanamtazama.

"Ni... ni mwiko!"

Baraza zima likapiga meza kwa kicheko. Bi Nungu akalia. Alilia mbele za watu, na kicheko kikazidi.

Mlango ukang'olewa, Fisi akaufanya benchi la kukalia wateja wake. Vikapu vya mbegu vikatoka kimoja kimoja, na kila kikitoka Nguchiro anachota konzi, kabla hakijafika mtoni kuoshwa. Kumbukeni hilo, kabla ya kuoshwa. Maji ya mto yakawa ya kijivu mpaka jioni. Pombe ya msimu ule, wanasema, haijawahi kutokea nyingine tamu namna ile.

Ikafika asubuhi moja, wingu likaonekana. Wingu dogo, kule nyuma ya kilima.

Mama Kanga ndiye aliyeliona mwanzo. Akachukua kikapu chake, akaenda ghalani kuchukua mbegu zake apande. Akachungulia. Akaingia. Akatoka.

"Jamani," akasema, "mbona kuna makapi tu?"

Weee! Mlisikia kishindo? Kila mnyama alikurupuka. Nyati, Paa, Digidigi, wote mbio kilimani, kila mmoja anataka chake, na chake leo hii. Wakasukumana, wakakanyagana, wakafika. Makapi. "Unamdai nani?" "Fisi!" "Fisi, lipa!" "Nitalipa, lakini wanywaji hawajanilipa!" "Wanywaji, lipeni!" "Tulipe kwa nini? Mtama si uko ghalani?"

Mfalme akamgeukia Nguchiro. "Mshauri! Mtama uko wapi?"

Nguchiro hakutikisika. "Mtukufu, ghala halina kasoro. Tatizo ni hawa waliochungulia. Wasingechungulia, mpaka sasa tungekuwa matajiri. Dawa yake ni nyepesi. Kila mmoja alete kilichobaki nyumbani kwake, akiweke humu, imani irudi. Na mimi nitasimamia."

"Kwa konzi?" akauliza Mama Kanga.

"Kwa konzi mbili. Sasa kazi ni ngumu zaidi."

Watu wakaguna. Nguchiro akaona macho yameanza kumgeukia, akapandisha sauti upesi. "Na mbona mnaniuliza mimi? Mimi niliapa kitu? Nani aliapa kwa ajili ya mbegu? Nani alisema zikipotea anyonyolewe?"

Macho yote yakamrudia Bi Nungu. Ndivyo tulivyo, eti? Ukiwa na hasira unamtafuta aliye karibu. Fisi tayari alikuwa amekwenda nyumbani kuchukua koleo.

Bi Nungu akapiga magoti. "Mfalme wangu, kiapo ni changu, sikikatai. Nakuomba kitu kimoja. Nipe mpaka tone la kwanza lianguke. Niende ng'ambo ya mto, nikaone hayo maghala yasiyo na milango. Kama nitanyonyolewa, angalau nijue nilikosea wapi."

Mfalme akatazama wingu. "Nenda. Tone likianguka hujarudi, tunakufuata."

Bi Nungu akashuka kilima, akavuka mto juu ya gogo. Akafika ng'ambo. Akaona. Maghala yamepangwa, makubwa, yamejaa, na hakuna hata moja lenye mlango. Moyo ukamfa. Kumbe Nguchiro alisema kweli!

Akasogea kwenye ghala la kwanza. "Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti nzito kutoka gizani. "Ingia taratibu, usinikanyage."

Bi Nungu akaingia. Kuzunguka ghala zima, kutoka ukuta hadi ukuta, alikuwa amejikunja Chatu. Mkubwa! Kichwa chake kimelala pale pale ulipotakiwa uwe mlango.

"Mama yangu mzazi!" Miiba ikasimama.

"Tulia, mama. Wewe huwezi kumezwa, nikikumeza nitajuta. Umekuja kufanya nini?"

Bi Nungu akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Chatu akasikiliza bila kupepesa. Hana kope, apepese nini.

"Nguchiro namkumbuka," akasema. "Alikaa pale uani siku kadhaa. Aliuliza habari za milango kwa kila mtu. Mimi aliniona, nami nilimwona. Lakini habari zangu hakuuliza, na nyinyi hakuwaambia."

"Kwa hiyo hapa hapakuwahi kuwa na mlango?"

"Ulikuwapo! Wazee wa hapa walibishana mwaka mzima. Kwanza walinileta mimi. Wakanipeleleza kama nasinzia kazini, wakaona sisinzii. Ndipo wakautoa mlango. Tena si yote kwa siku moja, walianza na ghala moja, wakangoja waone."

Bi Nungu akafikiri. "Na wewe nani anakuchunga, usije ukawala wenye mtama?"

Chatu akacheka mpaka ukuta ukatikisika. "Hilo ndilo swali! Kila asubuhi wanakuja kunipima tumbo. Likivimba bila maelezo, nafukuzwa." Kisha akainua kichwa. "Nami nikuulize. Miiko yako ilikuwa ya nini?"

"Ni mwi..." Bi Nungu akajishika mdomo.

"Umeona?" akasema Chatu. "Nguchiro alikuwa na wimbo, wewe hukuwa na neno. Ningekuwa mfalme, hata mimi ningemfuata yeye. Twende. Nitakusindikiza, nina salamu zangu kwa yule jamaa."

Wakashika njia. Chatu anateleza kwenye majani, Bi Nungu anatembea huku anaongea peke yake. Mwiko wa kichwa ulikuwa wa nini? Kwa sababu anayebeba kuzidi kichwa chake ataangusha, na kitakachomwagika si chake, ni chetu. Alaa! Mbegu je? Kwa sababu tukizila wote kwa pamoja, msimu ujao hakuna hata wa kumkopa. Kumbe! Na mlango? Kwa sababu hatuna Chatu. Na mama mkwe? Bi Nungu akasimama njiani. Mama mkwe wa nini? Akafikiri, akafikiri, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, huku anamkumbuka Mama Kanga na kuona haya.

Wakafika Mavumba wingu limeshakuwa jeusi, radi inanguruma. Mkeka umetandikwa. Fisi ameshika koleo, analifungua na kulifunga. Nguchiro yuko mbele kabisa, anaongoza wimbo kwa miguu miwili.

Bi Nungu akamwacha Chatu kwenye nyasi ndefu, akaingia katikati peke yake. 

"Ndugu zangu," akasema, "nimetoka ng'ambo. Nimeona. Nguchiro alisema kweli, maghala yale hayana milango."

Watu wakapigwa na butwaa. Nguchiro mwenyewe akashtuka, kisha akatabasamu meno yote. "Mnaona? Mnaona!"

"Nimekosa mimi," Bi Nungu akaendelea. "Nilichelewesha maendeleo. Ninyonyoeni. Lakini kabla hamjaanza, tumalize kazi nzuri aliyoianza ndugu yetu. Mavumba bado umebaki mlango mmoja. Mmoja tu! Tuung'oe na huo, tuwe kama wenzetu kabisa."

"Mlango wa nani?" akauliza mfalme.

"Wa mshauri wako, mtukufu."

Wakageuka wote. Nguchiro alikuwa anaishi ndani ya kichuguu, pale pale chini ya ghala. Kwenye tundu la kichuguu palikuwa na jiwe. Nje ya jiwe, gogo. Nje ya gogo, matawi ya miiba. Kila siku walipita hapo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza.

Tabasamu la Nguchiro likaingia ndani. "Ah, pale kwangu... pale ni nyumbani tu. Hapana haja."

"Ni mlango," akasema Bi Nungu.

"Ni mlango mdogo!"

"Ng'ambo wamefungua," akasema Bi Nungu, na akaanza kuimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Mama Kanga akadaka. Vifaranga vikadaka. Mara baraza zima, na nyinyi pia, haya:

*Fungua, fungua!*
*Ng'ambo wamefungua!*
*Fungua, fungua!*
*Nguchiro atafungua!*

Wakaanza kushuka kuelekea kichuguu, wanaimba na kucheza, Fisi naye kasahau koleo anacheza. Nguchiro akawapita mbio, akasimama mbele ya lile gogo, mikono kaitanua.

"Rudini! Jamani, mlango una kazi yake! Mkiondoa mlango kila mtu ataingia! Watachukua! Mbegu zitaisha!"

Wimbo ukakatika.

Hata radi ilinyamaza kwanza.

"Mbegu?" akauliza Mama Kanga. "Mbegu gani, baba?"

Nguchiro akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Ng'ambo," akasema, sauti imekuwa nyembamba, "ng'ambo hawafanyi hivi..."

"Ng'ambo wanafanyaje?" ikauliza sauti nzito kutoka kwenye nyasi. Chatu akainua kichwa, akakipandisha juu, juu, juu ya vichwa vya wote. "Hebu waeleze. Mimi nimetoka huko. Waeleze kuhusu milango. Ukimaliza, waeleze kuhusu mimi."

Manyoya ya Nguchiro yakasimama kuanzia kichwani mpaka ncha ya mkia. Akapiga ukelele, akapita katikati ya miguu ya Nyati, akatokomea porini, tai ya mgomba ikabaki imening'inia kwenye mwiba. Ndiyo maana mpaka leo nguchiro akikutana na nyoka, wa aina yoyote, hata awe mdogo kama kamba ya kiatu, manyoya yanamsimama na anataka kuua. Hapendi shahidi.

Wakasukuma gogo, wakasukuma jiwe. Ndani ya kichuguu mlikuwa na mbegu. Konzi juu ya konzi, mpaka juu. Na zote zilikuwa na majivu yake. Hakuosha hata punje moja.

Tone la kwanza likamwangukia mfalme puani.

"Pandeni!" akapiga kelele Ngiri. "Mnatazama nini? Pandeni!"

Wakapanda siku ile mvua inawanyeshea migongoni. Mbegu hazikutosha mashamba yote, sitawadanganya. Mwaka ule watu walifunga mikanda, na Fisi alikunywa maji. Lakini walivuna, na hakuna aliyekufa.

Na Bi Nungu? Mfalme alimwambia, "Kiapo chako nimekifuta."

"Kisifutwe chote," akasema Bi Nungu. "Nimeshika miiko bila kujua maana yake, nikamnyima Kanga mtama wake kwa ajili ya maiti. Mwiba mmoja ni haki yangu." Akageuza mgongo. Mama Kanga ndiye aliyeung'oa. Bi Nungu akasema "Ai!" na mambo yakaisha.

Mlango ukarudi kutoka kwenye kilabu cha Fisi, unanuka pombe. Mwiko wa kichwa ukarudi. Mwiko wa mbegu ukarudi. Mama mkwe hakurudi, wala chafya. Wakaongeza jambo moja jipya: anayekopesha mtama wa wenzake aape kwa ngozi yake mwenyewe, na konzi yake aipate siku mtama ukirudi, siyo siku ukitoka. Kibwana, umesikia hiyo? Nimeuliza tu.

Na mfalme akaweka sheria juu ya sheria. Mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, ana ruhusa ya kumuuliza Bi Nungu, "Mwiko huu ni wa nini?" Akieleza, unabaki. Akishindwa mpaka jua linazama, unafutwa.

Wakakaa hivyo. Siku moja kifaranga cha Kanga, kile kidogo kabisa, kikaja mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, kwa nini haturuhusiwi kupiga mluzi karibu na ghala?"

Bi Nungu akafungua mdomo. "Ni mwi..." Akaufunga. Akatazama ghala. Akatazama mbingu. Akajikuna pale penye upara wa mwiba mmoja. Jua likateremka, likateremka, likagusa mlima, na kifaranga kimesimama pale pale kinasubiri.

Mwisho Bi Nungu akashusha pumzi.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Haya, pigeni."

Vikapiga mluzi usiku kucha, vifaranga vyote, mpaka Bi Nungu akatia pamba masikioni na kujifunika mto.

Ngano yangu naitua hapa, mabega yamechoka. Iliyokufurahisha, beba ukaisimulie kwenu. Iliyokuchoma, iache hapo ulipokaa, asubuhi nitaizoa na takataka. Kibwana, wewe beba zote mbili.